Maswali ya Wasomaji: Je, Kumi Ndiyo Namba Bora ya Kuhesabia?

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni muuza boriti katika mtaa wa Langoni, hapa Lamu. Binti yangu, aliye shule ya sekondari, amenieleza kwamba kuhesabu kwa makumi si sheria ya maumbile bali ni mazoea, na kwamba wapo wajuzi wa hesabu wanaoshikilia kuwa lau tungehesabu kwa kumi na mbili, kazi ya kugawanya ingekuwa nyepesi zaidi. Nilipotafakari nikaona ana hoja. Boriti nauza kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mayai yaja kwa trei ya 30, soda kwa kreti ya 24, na saa zetu zafika kumi na mbili kisha zarudi moja. Ni fedha na kilo tu ziendazo kwa kumi na mia. Naomba unijulishe: ni msingi upi ulio bora kwa hesabu za kila siku, na je, yafaa tuuhame huu wa kumi? — Muuza boriti, Langoni, Lamu.

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nitatanguliza jibu lenyewe, kisha nilitolee sababu. Kama wanadamu wangekuwa wanaanza leo kuhesabu, bila vitabu, bila sarafu na bila mazoea yoyote, ningewashauri wachague kumi na mbili. Kwa kuwa hatuanzi leo, naona kumi ibaki kuwa msingi wa kuhesabia na kuandikia, na zile namba nyingine, 12, 20, 24, 30 na 60, zibaki pale pale ulipoziona, yaani katika kufunga mafungu na kugawanya. Kuhesabu na kugawanya ni kazi mbili, na sehemu kubwa ya mabishano juu ya jambo hili hutokana na kuzichanganya.

Msingi wa hesabu ni ile idadi ambayo tukiifikia tunafunga fungu, tunaandika 1 katika nafasi ya kushoto, na kuanza upya. Mafungu yenyewe yakifika idadi ileile tunayafunga tena kuwa fungu kubwa zaidi, na kuendelea hivyo bila kikomo. Katika msingi wa kumi, siku za mwaka huandikwa 365, yaani mia tatu, makumi sita na tano. Katika msingi wa kumi na mbili siku hizohizo zingeandikwa 265, kwa maana ya mafungu mawili ya 144, dazeni sita na tano. Katika msingi wa sita zingekuwa 1405, na katika msingi wa mbili, unaotumiwa ndani ya kompyuta, 101101101. Mwaka haukurefuka wala haukupungua. Kilichobadilika ni namna ya kuufunga.

Kumi tumeipata vidoleni, na hilo halina ubishi mkubwa. Lakini watu wengine wenye vidole hivyohivyo walichagua namba nyingine. Wababeli, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, waliandika hesabu zao kwa msingi wa 60, na ndiyo sababu saa moja ina dakika 60 na duara lina nyuzi 360. Wamaya wa Amerika ya Kati walihesabu kwa 20, na hesabu ya asili ya Wayoruba wa Nigeria nayo ni ya 20, tena kwa njia ya kutoa, hata 45 kwao ni 60 iliyopunguzwa kumi kisha ikapunguzwa tano. Katika nchi hiyohiyo ya Nigeria, Wagwandara wa Nimbia wanahesabu kwa kumi na mbili, na kusini mwa kisiwa cha Guinea Mpya ziko lugha zinazohesabu kwa sita, hasa katika kuhesabu viazi vikuu. Binti yako, basi, amesema kweli.

Hiyo kumi na mbili nayo imo mkononi. Kila kidole, ukiacha gumba, kina pingili tatu, na gumba likizigusa moja baada ya moja hutoa 12 kwa mkono mmoja. Hapa kwetu kuhesabu kwa pingili si jambo geni: watu wengi baada ya Sala huvuta uradi kwa vidole badala ya tasbihi, wakihesabu mara tatu kwa kila kidole, hivyo vidole kumi vikatoa 30 na kidole kimoja zaidi kikatimiza 33.

Sasa, ubora wa msingi tuupime kwa nini? Kwanza ni mzigo anaotwishwa mtoto anapojifunza kuzidisha. Tukiacha kuzidisha kwa moja na kwa msingi wenyewe, na tukihesabu saba mara nane na nane mara saba kuwa jambo moja, mtoto wa msingi wa kumi hana budi kuhifadhi majibu 36. Katika msingi wa sita angehifadhi 10 tu. Katika kumi na mbili, 55. Katika ishirini, 171. Na katika 60, majibu 1,711, ambayo hakuna mzazi mwenye huruma atakayemtaka mwanawe ayahifadhi. Waandishi wa Babeli walilazimika kuwa na vibao vya udongo vilivyoandikwa majedwali ya kuzidisha ili wayarejelee. Upande wa pili, msingi mdogo huzaa namba ndefu: bei ya shilingi 1,500 katika msingi wa mbili ni 10111011100, tarakimu kumi na moja kwa bidhaa ya kawaida ya sokoni. Kwa hiyo ushindani wa kweli uko baina ya sita, nane, kumi na kumi na mbili, na hapo mzigo wa kuhifadhi na urefu wa namba havitofautiani kiasi cha kukata shauri. Kinachokata shauri ni kugawanya.

Msingi wa nane hugawanyika kwa nusu, nusu ya nusu, na nusu yake tena, lakini haujui theluthi. Pwani yetu iliwahi kutumia fedha ya tabia hiyo, kwani rupia ilikuwa na ana 16, sawa na pesa 64, na mtu aliweza kuikata nusu mara sita mpaka akabakiwa na pesa moja, ila watu watatu hawakuweza kuigawana sawasawa. Sita inazijua nusu na theluthi kwa wepesi, na binafsi naiheshimu, lakini robo yake tayari inahitaji tarakimu mbili na namba zake hurefuka upesi. Kumi hugawanyika kwa mbili na tano tu. Kumi na mbili hugawanyika kwa mbili, tatu, nne na sita.

Tofauti hiyo inaonekana wazi zaidi katika akisami, yaani sehemu za namba nzima, zinazoandikwa kwa nukta. Katika msingi wa kumi, nusu ni 0.5, robo ni 0.25 na thumuni (moja ya nane) ni 0.125, lakini theluthi ni 0.333 isiyokwisha, na sudusi (moja ya sita) ni 0.1666 isiyokwisha vilevile. Katika msingi wa kumi na mbili nusu ni 0.6, theluthi ni 0.4, robo ni 0.3, sudusi ni 0.2, thumuni ni 0.16 na tusui (moja ya tisa) ni 0.14, zote zimekwisha na kukatika. Anayekwama huko ni humusi (moja ya tano), ambaye huandikwa 0.249724972497 na kuendelea hivyo milele, na ushuri (moja ya kumi) humfuata katika taabu hiyo.

Mfano ulio karibu nasi zaidi kuliko soda na mayai ni mirathi. Mafungu yaliyotajwa katika Qur'ani, Surat An-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176, ni sita: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Yaangalie vizuri. Hakuna humusi humo wala ushuri. Yote yanatokana na mbili na tatu, na yote yangeandikika kwa ukamilifu katika msingi wa kumi na mbili. Tuseme mtu amefariki akaacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume, na baada ya deni na wasia zimebaki shilingi 100,000. Mke ana thumuni, nayo ni shilingi 12,500. Mama ana sudusi, nayo ni shilingi 16,666 na senti 66 na ushei usiokwisha. Mtoto anachukua kilichobaki, shilingi 70,833 na senti 33 na ushei mwingine. Kwa kumi na mbili, hisa hizo zingeandikwa 0.16, 0.2 na 0.86, na ukizijumlisha zinarudi kuwa moja kamili bila ushei wowote.

Hapo mtetezi wa kumi na mbili atafurahi, lakini asubiri kidogo, maana iko pia zaka. Zaka ya fedha ni robo ya ushuri, yaani moja katika 40. Ya mazao yaliyonyweshwa na mvua ni ushuri, na ya yaliyonyweshwa kwa gharama ni nusu ya ushuri. Hizo zote zina tano ndani yake. Katika msingi wa kumi ni 0.025, 0.1 na 0.05, safi kabisa, ilhali katika msingi wa kumi na mbili hakuna hata moja inayokwisha. Mtu yuleyule anayetoa zaka akiwa hai na kugawiwa mirathi yake akifa anahitaji namba za aina zote mbili, na namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa mafungu yote niliyoyataja, ya mirathi na ya zaka, ni 120. Hakuna anayeweza kuishi na msingi wa 120.

Wanazuoni wa mirathi walilitatua jambo hili zamani, na njia yao naiona kuwa ya busara kubwa. Hawakubadilisha namna ya kuhesabu. Kwa kila suala walitafuta namba inayolitosha, wakaiita asili ya masuala: 2, 3, 4, 6, 8, 12 au 24. Katika mfano wetu asili ni 24. Mke ana 3, mama ana 4, mtoto ana 17. Namba hizo zenyewe zimeandikwa kwa makumi, na ugawaji umekamilika bila nukta yoyote. Al-Kashi, mjuzi wa hesabu wa Samarkand katika karne ya 15, alifanya kazi zake za falaki kwa msingi wa 60, lakini alipokwisha kukadiria uwiano wa mzingo wa duara na nusu-kipenyo chake kwa nafasi tisa za 60, aliubadilisha kuwa desimali za tarakimu 16, kwa ajili ya wasiozoea hesabu za wanafalaki. Mtu mmoja, misingi miwili, kila mmoja kwa kazi yake.

Kuhusu kuhama, historia inatufunza kitu mahususi. Ufaransa mwaka 1793 ilitunga sheria ya kugawa siku kwa saa 10, saa kwa dakika 100 na dakika kwa sekunde 100. Sheria ya tarehe 7 Aprili 1795, iliyosimika vipimo vya mita, ndiyo hiyohiyo iliyoisitisha saa hiyo mpya. Naona sababu yake ni hii: vipimo vya urefu na uzito vilikuwa vimetofautiana mji kwa mji, na watu walihitaji kitu kimoja cha kukubaliana, lakini juu ya saa 24 walikuwa wamekwisha kukubaliana. Nayo Uingereza, ambayo pauni yake ilikuwa na shilingi 20 na kila shilingi peni 12, iliacha mpango huo tarehe 15 Februari 1971, ingawa peni 240 zinagawanyika vizuri mno kuliko 100. Kosa halikuwa la kumi na mbili. Kosa lilikuwa kuandika kwa makumi huku unajumlisha fedha kwa kumi na mbili na ishirini katika mstari mmoja wa daftari, na hapo kila karani alikuwa akibadilisha misingi mara mbili katika hesabu moja. Sisi wa Afrika Mashariki tuliepushwa na taabu hiyo tangu mwaka 1921, kwa sababu shilingi yetu ilizaliwa na senti 100.

Ili kumi na mbili ilete faida inayosifiwa, ingebidi tubadilishe kila kitu kwa pamoja: tarakimu, maneno ya kuhesabia, sarafu, mizani, rula na vitabu vya shule, tena ulimwengu mzima kwa wakati mmoja. Nchini Marekani kipo chama kilichoanzishwa mwaka 1944 kwa ajili ya kuitetea kumi na mbili, na hoja zake za hesabu ni sahihi. Lakini faida ya kuandika theluthi kwa tarakimu moja hailingani na gharama hiyo, wakati ambapo yeyote anaweza kuandika moja chini ya tatu na akaeleweka.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Je, korija si ushahidi kwamba wazee wetu walikuwa wakihesabu kwa ishirini kabla ya kujifunza makumi? — Fundi wa majahazi, Matondoni.

JIBU: Marahaba, fundi. Hapana, si ushahidi. Msingi lazima ujizidishe wenyewe: anayehesabu kwa ishirini anahitaji jina la 400, yaani ishirini mara ishirini, na jina la 8,000, kama walivyokuwa nayo Wamaya. Kwetu boriti 400 ni korija ishirini tu, na mwenye boriti 35 husema ana korija moja na boriti kumi na tano, na hiyo kumi na tano yenyewe ameihesabu kwa makumi. Korija ni ukubwa wa fungu la biashara, kama pishi ilivyo vibaba vinne na kama futi ilivyo inchi 12.

Pale wazee walipokuwa wakihesabu tu, bila haja ya kugawanya, walikwenda kwa makumi. Manahodha walihesabu siku za mwaka tangu Nairuzi, yaani siku ya kwanza ya mwaka wao, kwa miongo, kila mwongo siku kumi, miongo 36 na siku tano za kukamilisha 365, na kwa hesabu hiyo walijua wakati wa pepo na wakati wa kufunga bahari. Nahodha hakuwa na haja ya theluthi ya mwongo.

Ama kwa korija yenyewe, haina ubaya wowote, hasa kwa kuwa bei yetu ni ya makumi: korija ikiuzwa shilingi 3,000, boriti moja ni 150 na mtu hupata jibu kichwani. Fungu la 24 lingegawanyika vizuri zaidi kwa boriti zenyewe, lakini 3,000 kwa 24 ni 125, na si kila mtu atalipata jibu hilo papo hapo. Washirika watatu wakitaka kugawana bila kubakiza, wanunue korija tatu au sita, na kila mmoja atachukua yake.

SWALI: Kwa nini tusifuate kompyuta, tukahesabu kwa mbili au kwa kumi na sita? — Mwanafunzi, Malindi.

JIBU: Hesabu ya msingi wa mbili ilielezwa na Leibniz, mwanahisabati wa Ujerumani, katika makala yake ya mwaka 1703, zaidi ya miaka mia mbili kabla ya kompyuta za umeme. Mashine inaipenda kwa sababu swichi ina hali mbili tu, kuwaka na kuzima. Wewe huna kizuizi hicho. Msingi wa kumi na sita ni njia fupi ya wahandisi ya kuandika tarakimu za msingi wa mbili kwa mafungu ya nne nne. Una majibu 105 ya kuhifadhi na bado haujui theluthi wala humusi. Tena hata ushuri wa kawaida haukatiki katika msingi wa mbili, na kwa hiyo watengenezaji makini wa programu za fedha huhifadhi senti kama namba nzima badala ya shilingi zenye nukta.

SWALI: Mwalimu, ningependa kuwafundisha wanangu msingi wa kumi na mbili wauone kwa macho yao. Nianzie wapi? — Mama wa watoto wawili, Shela.

JIBU: Mama, anza na pingili. Mkono wa kulia uhesabu moja moja hadi 12, na kila ukitimia, gumba la kushoto lisogee pingili moja. Mikono miwili itafika 144. Kisha uwape karatasi. Kwa kumi na kwa kumi na moja watumie herufi A na B, ili 10 ibaki kuwa dazeni moja kamili. Waandike jedwali la tatu: 3, 6, 9, 10, 13, 16, 19, 20. La nne: 4, 8, 10, 14, 18, 20. La sita ni fupi zaidi, kwani tarakimu ya mwisho ni 6 na 0 tu, kama ilivyo 5 na 0 katika jedwali la tano tulilozoea. Usiwaachie hapo, maana wataondoka wakidhani kila kitu ni chepesi. Wape na jedwali la tano: 5, A, 13, 18, 21, 26, 2B, 34, 39, 42, 47, 50. Humo tarakimu zote kumi na mbili hupita mwishoni kabla ya sifuri kurudi, kama zinavyopita zote kumi katika jedwali letu la saba. Wakiyaweka majedwali hayo mawili bega kwa bega, waulize kwa nini yanafanana, na uwape siku kadhaa za kulitafuta jibu wenyewe kabla hujawasaidia.